Skrubu Kwenye Mche wa Sabuni

Laptop ilipozimika mara ya tatu siku ile, Khawla hakuigusa. Aliketi mbele yake, mikono mapajani, akasikiliza vyuma vyake vikilia tik, tik, kama bati la paa jua linapoliacha. Kabla ya kuzimika, kioo kilikuwa kimejaa michirizi ya kijani na zambarau, na ubavuni pale hewa inapotokea hapakushikika kwa moto.

Laptop ile ilikuwa ya kaka yake, Zahran. Aliinunua Dubai kwa ajili ya michezo ya magari na ya kupigana, na alipohamia Maskati akamwachia dada yake. Ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na kwa kuwa ilitengenezwa kwa michezo ilikuwa na kadi ya picha yenye nguvu. Ndiyo maana ilimfaa Khawla, maana kazi yake ilikuwa kupiga video harusi za wanawake. Katika shughuli hizo mwanamume haingii. Wanawake huvua mabuibui, wakaonyesha nguo zao na nywele zao, wakacheza watakavyo. Anayeshika kamera lazima awe mwanamke, na picha zile ni amana.

Wiki mbili nyuma alikuwa amepiga harusi ya Muzna, hapo hapo mtaani kwao Malindi, Unguja. Bibi yake Muzna, Bi Ruqaya, alikuwa na miaka sabini na minane, na maishani mwake hakuwahi kupigwa picha ila ya pasipoti. Siku ile, hakuna aliyejua kilichomgusa, alinyanyuka, akavua mtandio, akaingia katikati na kucheza mpaka ngoma ilipokwisha. Wanawake walilia. Alipomaliza alikuja moja kwa moja kwa Khawla, akamshika mkono.

"Hii asiione mwanamume, mwanangu. Nimekuamini weye."

Khawla aliapa. Sasa ilikuwa Jumanne, mwaka 2007, na Jumamosi Muzna alikuwa anapanda ndege kumfuata mumewe Maskati. Bi Ruqaya alikwisha kusema kwamba yeye kwenye ndege hapandi. Kitu pekee ambacho Muzna aliomba kwenda nacho ni ile ngoma ya bibi yake. Kanda za kamera Khawla alikuwa ameshazirekodia harusi nyingine, kama desturi yake. Bi Ruqaya alikuwa ndani ya mashine hii tu. Na kuviunganisha vipande vyote viwe filamu moja kulihitaji saa mbili za kazi mfululizo, nayo mashine sasa haikumaliza dakika kumi.

Alijaribu aliyoyajua. Aliiweka kwenye sakafu ya saruji, akaielekezea panka, akaiwekea barafu iliyofungwa taulo mpaka mama yake akampigia kelele kwamba ataja kuunguza nyumba. Asubuhi aliifikisha hadi Darajani, kwenye duka la mafundi. Walikuwa mafundi wazuri, hilo halina ubishi. Lakini mmoja alimwambia aiache mpaka kesho, wataiwasha waijaribu, na nyuma yake palikuwa na benchi la vijana wanaosubiri simu zao, macho yote kwenye kioo kilichokuwa mezani. Khawla aliirudisha kwenye kikapu, akasema atarudi. Hakurudi.

Mama yake ndiye aliyemkumbusha Biasha binti Makungu wa Kikwajuni, yule aliyewatengenezea blenda.

Habari za Biasha zilikuwa zinajulikana nusunusu. Baba yake, Makungu, alikuwa fundi wa redio, mtu aliyezaliwa bara akaja Unguja kijana. Hakujaaliwa mtoto wa kiume. Mwaka 1985, watu walipoanza kurudi safarini na redio za kaseti, kazi ilimzidi, na macho nayo yakaanza kumtupa mkono. Akamweka binti yake nyuma ya pazia la duka. Makungu alipokea redio mbele, akazungumza na mteja, akazipitisha nyuma, na Biasha akazifungua. Miaka sita mji mzima ulisifu mikono ya Makungu, na mikono yenyewe ilikuwa ya msichana ambaye hakuna aliyemuona. Baba alipofariki, Biasha alilivuta pazia akakaa mbele. Wateja waliingia, wakatazama huku na huku, wakauliza fundi yuko wapi. Naye aliwajibu, "Katangulia, lakini mikono kaiacha." Wengine walicheka wakakaa. Wengi waliondoka. Miaka michache baadaye alilifunga duka, akahamishia meza ukumbini kwake, na huko wanawake wakaanza kumletea pasi, panka na blenda zao. Hakuwahi kulalamika, angalau si mbele ya mtu.

Khawla alimkuta amekaa chini, miwani imefungwa uzi.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Weka hapa. Imekufanya nini?"

Khawla alieleza yote: moto, michirizi, harusi, kiapo. Biasha hakuuliza kasi ya mashine wala umri wake. Aliinyanyua kwa mikono miwili, akaisogeza puani, akavuta pumzi pale hewa inapotokea. Baba yake alimfundisha kunusa kabla ya kufungua, kwa sababu waya ulioungua una harufu yake, na transfoma ina yake. Alinusa tena, akacheka kidogo.

"Hii inanukia kuliko mie. Mnafukiza nayo?"

Khawla aliona haya. Alikuwa akiingia nyumba za watu wenye heshima zao, na kila anachoingia nacho sharti kinukie. Basi kila siku ya shughuli alifukiza udi chumbani, nguo zimetandazwa juu ya chetezo, mkoba wa laptop pembeni, na laptop yenyewe imewashwa juu ya kitambaa cha kufuma, ikimalizia kazi ya jana.

"Ndani yake mna panka dogo," Biasha alisema. "Panka linavuta kila kilichoko chumbani. Mwaka mzima umeivutisha moshi. Ingekuwa mtu ingekohoa."

"Utaweza kuitengeneza?"

"Laptop sijapata kufungua. Nikikwambia nnajua, ntakudanganya. Lakini kitu kinachopata moto kina mahala pa kuutolea, na hapo ndipo ntapotafuta. Ukikataa, sikulaumu."

Khawla alilifikiria benchi la Darajani. Akamwambia afungue.

Jambo la kwanza alilofanya Biasha ni kuvua kanga ya mabegani na kukifunika kioo, akakifunga kama anavyofungwa mtoto. Khawla alimwambia hapana haja, yeye ni mwanamke.

"Harusini sikualikwa," alijibu, na mazungumzo hayo yakaishia hapo.

Kisha alichukua mche wa sabuni ya kufulia, akaulaza mezani. Kila skrubu aliyoitoa aliichomeka kwenye sabuni, mahali palepale ilipokuwa kwenye mashine: ya pembeni pembeni, ya katikati katikati, fupi na ndefu. Zilipofika kumi na tisa, ule mche ulikuwa ramani. Hakuandika chochote. Mikono yake haikuwa na haraka wala woga, na Khawla, aliyekuwa ameshika kamera miaka mitano akitazama wanawake waliopambwa, alijikuta anatamani angekuwa nayo pale.

Chini ya kifuniko palikuwa na panka dogo, mrija wa shaba, na mwisho wa mrija safu ya vibati vyembamba. Kati ya panka na vibati palikuwa pamezibwa na kitu cheusi. Biasha alikivuta kwa kibanio, kikatoka kizima kama kipande cha buibui kilichochovywa lami: nyuzi za kitambaa cha kufuma, zimegandishwa na utomvu wa udi. Alivisugua vibati kwa mswaki na spiriti mpaka mwanga ukapita. Halafu akauinua mrija wa shaba pale ulipolalia kadi ya picha.

Baina ya shaba na kadi palikuwa na unga mkavu, umepasuka kama chokaa ya kuta za mjini.

"Huyu nnamjua," alisema taratibu.

Ilikuwa ni ile dawa nyeupe iliyokuwamo kwenye amplifaya za baba yake, inayopakwa baina ya transista na bati lake ili moto upite. Ikikauka, moto hauna njia. Aliinuka akafungua mkebe wa biskuti wa Makungu, akatoa tyubu ya dawa hiyo, iliyobinywa hadi shingoni. Alipangusa unga wote, akapaka kiasi cha punje ya mchele.

Skrubu zilirudi moja moja, na sabuni ikabaki na matundu kumi na tisa. Biasha alileta vikombe viwili vya kahawa, akavipindua, akailaza laptop juu yake ili ipate hewa chini. Aliifungua kanga, akageuka akaipa mashine mgongo, akavuta pasi ya mtu na kuanza kuitengeneza.

Khawla aliiwasha, akaipa kazi ya kuunganisha vipande. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini. Khawla aliweka kiganja ubavuni kila mara. Palikuwa na joto, la kuvumilika. Biasha hakugeuka hata mara moja, hata muziki wa harusi uliposikika na sauti za wanawake wakipiga vigelegele. Baada ya saa mbili na ushei filamu ilikuwa nzima.

Alhamisi Khawla aliipeleka laptop nyumbani kwa Bi Ruqaya, pamoja na vikombe viwili alivyoazimwa. Muzna alikuwa amekaa miguuni kwa bibi yake. Bi Ruqaya alitaka kwanza kujua nani aliyeifungua, na Khawla akamsimulia yote, sabuni na kanga na udi.

"Na yeye kaiona?"

"Hata kidogo, bibi. Aliipa mgongo mpaka ikaisha."

Bi Ruqaya alichezea pindo la mtandio wake.

"Basi kamwite," alisema. "Hatuanzi mpaka afike."

Biasha alifika mchana, vidole vinanukia spiriti, akataka kukaa karibu na mlango. Bi Ruqaya alimpigia godoro kwa kiganja, hapa, ubavuni kwake. Muzna akabonyeza. Biasha, kwa mazoea, aliinamisha kichwa akasikiliza kwanza lile panka dogo linavyozunguka. Liliporidhisha masikio yake, akainua macho kwenye kioo.