Gauni Jeupe Mpaka Buleusa

Nilitoka nyumbani kwangu Kingi kwa sababu ya gauni. Mdogo wangu Furaha alikuwa anaolewa Burungu, kwa mama yetu, na mume wake Bahati ni mkulima wa Buleusa, kule Walikale msituni. Mama yake Bahati, miguu inamsumbua, hakuweza kuja kwenye misa. Alituma ujumbe mmoja tu: tumlete bibi arusi siku ileile, vile atakavyotoka kanisani, tusimbadilishe nguo. Mimi ni fundi cherehani na gauni lile nililishona mwenyewe, kwa hiyo nilielewa nilivyotaka kuelewa. Nilidhani mama huyo anataka kumwona mkwe wake aking'aa. Nikaapa gauni litafika bila doa. Anayeijua njia ile wakati wa mvua ataniita kichaa, na hatakosea.

Burungu, alfajiri ya harusi, nilianza kazi kabla wengine hawajaamka. Nilisugua pindo la chini kwa mshumaa, ndani na nje, maana tope halishiki vizuri kwenye nta. Nikampaka Furaha poda kwapani. Nikamvalisha glavu za lesi. Chini ya gauni nikamtia buti za plastiki, viatu vyake vyeupe nikavibeba mimi. Kisha nikampa amri zangu. Asile, maana chakula kinadondoka. Maji anywe kidogo, kwa mrija. Asimkumbatie mtu. Asilie, kwa kuwa wanja ungeteremka mpaka kifuani.

"Hata Mama?" akaniuliza.

"Hata Mama. Utamukumbatia siku ingine."

Walipoagana Mama alinyoosha mikono, kisha akaishusha. Niliona, nikaendelea kukaza pini za shela.

Baada ya misa tuliondoka kwa pikipiki mbili. Bahati alitangulia na mizigo. Furaha na mimi tulipanda nyuma ya Papa Shukuru, motari, mwendesha pikipiki wa siku nyingi anayeijua njia hiyo kama uwanja wa nyumba yake. Nilikuwa nimelikunja gauni lote na kulifunga kiunoni kwa mpira, na juu yake nikamfunika bibi arusi kipande cha shitingi, plastiki ile ya kuezekea. Tulipita vilima vya malisho, ng'ombe wakitutazama ndani ya ukungu. Kisha njia ikaanza kushuka, nyumba zikapungua, miti ikatuzunguka. Mvua ikaja.

Mchana, katikati ya msitu, pikipiki iliteleza ikatumwaga wote. Upepo ulichukua shitingi, mpira ukakatika, na Furaha akaanguka chali kwenye shimo la tope. Nilipiga yowe. Aliinuka mwenyewe. Nikamgeuza haraka kuangalia hasara.

Mgongo ulikuwa mweupe. Shela nyeupe, mikono myeupe. Papa Shukuru na mimi tulikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Mungu asifiwe!" nikasema.

Papa Shukuru alikuwa amesogea ukingoni. Alikuwa anatazama lile shimo. Alama ya mtu aliyelala chali ilikuwa mle ndani, kichwa, mabega, mikono, na ilikuwa inajaa maji polepole. Alirudi kwenye pikipiki, akageuza kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia chini, na hakukiinua tena siku ile.

Toka hapo Furaha hakusema neno. Nilimuuliza kama ameumia, akatikisa kichwa. Alikaa kati yetu, na sikusikia joto la mwili wake. Nilijiambia ni baridi ya mvua.

Tulifika Buleusa kabla giza halijaingia. Nje ya kijiji nilimbadilisha viatu, nikalikunjua gauni, nikarudi nyuma kumtazama. Kusema kweli nilijivuna. Wanawake walikuwa wanaimba uani. Tulipokaribia, sauti zilianza kupungua, moja hapa, nyingine pale, mpaka tukabaki tunasikia mvua ikidondoka kwenye migomba.

Mama Bahati alikuwa amekaa mlangoni, beseni la maji mbele yake. Alishika pindo la gauni, akaligeuza, akaliacha.

"Mulipita wapi?"

"Njia ya pori, Mama," nikajibu.

"Na mvua yote iyi?"

"Nilimulinda. Nilipaka robe mushumaa."

"Mushumaa inalinda chini. Na mugongo?"

Papa Shukuru akasema kwa sauti ndogo, "Alianguka, Mama. Chali. Miye niliona."

Mama Bahati alisogeza beseni kando. "Mu iyi nyumba," akasema, "bibi arusi anafikaka na udongo ya njia. Miye namuosha, maji tunaimwanga ku mugomba. Njo anakuwa wa kwetu. Ni ju ya ile nilisema musimubadilishe nguo." Akamtazama Furaha. "Wakati nilikuwa kijana, bibi arusi moja alifika safi hivi. Tukamupa chakula, hakukula. Tukamusemesha, hakusema. Asubui watu wakaleta habari: bibi arusi mwenyewe alikuwa mu mutoni, alikufa mu njia. Ule tuliingiza mu nyumba, hatukumuona tena."

Akaagiza Furaha apewe ndizi za kuchemsha na mafuta ya mawese. Furaha aliponyoosha mkono, wangu ukauzuia kabla sijafikiri. Nilikuwa nimefanya hivyo kutwa nzima.

"Hajakula tangu asubui?"

"Bado, Mama."

"Alilia kuachana na mama yake?"

"Hapana."

Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake nyuma. Bahati alisimama kando na hakumsogelea mke wake. Alikuwa anatazama miguu ya Furaha. Nilijua mlango ule ukifungwa, Furaha hatakuwa mke wa mtu Buleusa wala kwingine. Lakini kitu kingine kilinitisha zaidi. Nilimshika mkono, baridi ndani ya glavu, na mimi niliyembeba mgongoni akiwa mdogo sikuwa na hakika nimemshika nani.

Furaha akavua glavu. Akashuka uani, pale maji ya paa yanapodondokea, akaketi kwenye tope na gauni lote. Nilimkimbilia na kitambaa.

"Dada, acha kunipanguza," akasema.

Kisha akalia. Alilia kwa sauti akimwita Mama, wanja ukateremka mpaka kifuani, viganja vikipiga tope na kulipaka magotini. Safari hii tope lilishika. Mama Bahati aliinuka na miguu yake ile mibovu, akapiga magoti mbele yake.

"Lia, mutoto. Lia."

Alimwosha taratibu, maji yakawa mekundu kwa udongo, wakayamwaga kwenye mgomba. Bahati akaja kumshika mkono. Wimbo ukarudi. Furaha alikula mpaka watu wakacheka, akafuta mawese kwenye lesi niliyoishona wiki nzima, nami nikafunga mdomo.

Kesho yake nilirudi na Papa Shukuru. Kwenye lile shimo aliongeza mwendo, na sikumwomba asimame. Mgongo ule mweupe mpaka leo sina maelezo yake. Najua tu kwamba siku nzima nililinda kitambaa, na kila kinachoonyesha mtu yu hai nilikuwa nimemkataza mdogo wangu. Sasa mtu akiniletea gauni la harusi namwambia ale, alie, akumbatie watu wake, madoa tutayashughulikia baadaye.

Burungu, Mama alinipokea njiani.

"Robe ilifika safi?"

"Ilifika safi, Mama," nikamjibu. "Njo vile karibu tumupoteze."