Mawe ya Klabu ya Matangazo

Mimi ni mwalimu wa historia. Klabu ya matangazo nilitwishwa kwa sababu nilichelewa kikao. Waliowahi walijichukulia mpira na bustani. Nikaachiwa chumba cha vumbi, mashine ya kanda, spika ya bati juu ya nguzo, na kundi la wanafunzi waliopenda sauti zao kupita kiasi.

Wubit hakuwa mmoja wao. Alikuja akiwa darasa la tisa, kwa kuwa kila mwanafunzi alilazimika kuwa na klabu na kwingine kulikuwa kumejaa. Siku ya kwanza nilimpa tangazo la sweta iliyopotea. Sauti ilimfia kabla hajafika kwenye rangi ya sweta. Wiki nzima wenzake walimwita Sweta.

Nilidhani sitamwona tena. Kesho yake akasimama mlangoni. "Mwalimu, nipe lile lile."

"Sweta imeshapatikana, binti."

"Nipe tu."

Akalisoma mpaka mwisho, na shule nzima ikacheka. Ubishi ule niliupenda, sifichi.

Alipofika darasa la kumi na moja ndiye aliyekuwa mkuu wa klabu. Alipanga zamu, alipatanisha wagomvi, na aliwakatalia watoto wa wakubwa waliotaka kusoma mashairi yao kila mapumziko. Mama yake aliuza pilipili sokoni, kwa hiyo kukataa alikuwa amekujua tangu nyumbani. Kumkatalia mtu akaondoka bila kinyongo, hilo alijifunzia kwetu, kwa kukosea mara nyingi.

Halafu ikaja ile Jumatano ya soko. Spika ilikuwa imekufa. Wubit akamwambia Gizachew, fundi wetu wa nyaya, "Itengeneze, kisha ijaribu," akaenda darasani. Ndani ya mashine kulikuwa na kanda ya kupandishia bendera. Gizachew akabonyeza, na wimbo wa taifa ukalia katikati ya asubuhi kuelekea sokoni, kwa nguvu ambayo spika ile haikuwahi kuwa nayo.

Kwetu wimbo ule ukilia unasimama, hata ukiwa na gunia mgongoni. Soko zima likasimama. Etiye Yeshi, mama mfinyanzi, aliachia kamba ya punda wake akabana mikono ubavuni. Punda hana bendera. Aliendelea na safari yake mpaka kwenye ukuta wa kinu cha kusagia nafaka, na vikaango vya udongo vya kuokea mkate wa injera alivyobeba vikawa vigae. Naye Ato Mekuria, mkuu wetu wa shule, alikuwa kando ya barabara anang'arishiwa viatu. Akasimama wima mbele ya umati, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi iliyotoboka kidole gumba, mpaka wimbo ukaisha. Hakuna aliyethubutu kucheka wimbo ukiendelea. Ulipokwisha, walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ato Mekuria alirudi shuleni amevimba.

"Nataka jina," alimwambia Wubit mbele yangu. "Jina moja, na klabu inabaki."

"Mkuu wa klabu ni mimi, Mwalimu."

"Ulibonyeza wewe?"

"Hapana. Niliagiza ijaribiwe, sikusema kwa kanda gani."

"Sikukuuliza nani aliagiza! Nani alibonyeza?"

"Mkuu wa klabu ni mimi," Wubit akarudia. Ato Mekuria akafunga chumba cha klabu, akatia ufunguo mfukoni. Mimi nilijaribu kusema neno, akaniambia nikafundishe historia.

Gizachew alikuwa nyuma ya darasa, macho mekundu. "Naenda kujitaja."

"Una onyo la mwisho la kupigana," Wubit akamwambia. "Ukijitaja leo, kesho uko nyumbani unachunga mbuzi. Tulia. Tuanze na vikaango."

Jioni ile klabu nzima ilienda kwa Etiye Yeshi, kila mmoja na jiwe shingoni, wameinama. Ndivyo tunavyoomba radhi kwetu, na jiwe haliwekwi chini mpaka aliyekosewa aseme amesamehe.

"Ehe! Mmenivunjia kwa wimbo, sasa mnanijia na mawe?" mama yule akasema. "Mnataka kumalizia vilivyobaki? Wekeni chini, wanangu. Udongo uko mtoni, na migongo mnayo."

Wakabeba udongo na kuni kila wakitoka shule, mpaka vikaango vipya vikakauka. Kulikuwa na manung'uniko. Msoma habari wetu, kijana mwenye sauti nzuri na mikono laini, alisema yeye hakubonyeza kitu. "Hata mimi," Wubit akamjibu, akamtwika kikapu.

Kazi ya vikaango ilipokwisha, asubuhi iliyofuata bendera ilipandishwa kwa midomo mitupu, kanda ikiwa imefungiwa chumbani, kila darasa likiimba kwa mwendo wake. Ato Mekuria alipotaka kuondoka, Wubit akatoka mstarini. Akaokota jiwe alilokuwa ameliweka chini ya nguzo, akaliweka shingoni, akaenda kuinama mbele yake.

Mkuu wa shule alitazama viatu vyake. Jiwe lilizidi kumlemea yule binti, na mimi hasira zikanipanda.

Gizachew akatoka na jiwe, akainama kando yake. Akafuata msoma habari wa mikono laini, kisha wengine, mpaka klabu yote ikawa imeinama. Mimi nilinyofoa tofali kwenye ua wa maua nikajiunga, nikiwa na suti yangu. Walimu wenzangu walinitania mwaka mzima.

"Niliomba jina moja," Ato Mekuria akasema.

"Haya hapa, Mwalimu," Wubit akasema bila kuinua kichwa. "Ndiyo majina yetu. Chagua."

Ato Mekuria alitembea toka mwanzo wa mstari hadi mwisho. Aliponifikia akaguna. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Wekeni chini," akasema mwishowe. "Wekeni chini, nimesamehe."

Mawe yakaanguka, watu wakaanza kupiga makofi. Nikanyoosha mgongo, nikafuta vumbi. Ndipo nilipoona Wubit bado ameinama, jiwe liko pale pale.

"Wewe hukusikia?" Ato Mekuria akamuuliza. "Nimesema nimesamehe."

"Nimesikia, Mwalimu. Nashukuru." Jasho lilikuwa likimdondoka puani. "Sasa naomba ufunguo."

Ato Mekuria akaingiza mkono mfukoni.