Bi Radhia Mlinzi wa Nyumba ya Wawili

Bi Radhia hakuwa mtu wa kuambiwa namna ya kukaribisha mgeni. Aliletwa bibi harusi kutoka Unguja mpaka nyumba ile ya mawe na udongo, kijiji cha kale milimani nyuma ya Muscat, na uhai wote wa mumewe Humam hakuna aliyetoka mlangoni pake na njaa. Sasa Humam marehemu, yeye anakaa mjini Sib kwa bintiye Hind, na nyumba Hind kaifanya upya: chumba kimoja, kitanda kimoja, dirisha linalotazama mitende. Kaitangaza kwenye simu: nyumba ya wawili tu, mapumziko ya mke na mume.

"Mama, wageni wa kwanza hawa," Hind alimwambia alipompandisha mlimani. "Wakiondoka na kinyongo, nyumba tunaiuza. Kaka zangu washachoka nayo."

"Muuze nyumba ya baba yenu? Nenda kazini kwako. Wageni niachie mie."

Wageni wakaja, Fahd na mkewe Atheer, maharusi wapya wa mtaa wa Khuwair ya Kusini, Muscat. Bi Radhia akawafukiza udi, akawarashia maji ya waridi, akawamiminia kahawa. Kisha akakaa. Mgeni ataachwaje na kuta? Tena kijiji kizima alishakipa khabari. Alasiri wanawake wakaingia na sahani za harisi na mikate ya asali, wakamzunguka Atheer, wakamuuliza hali za kwao mpaka za wajomba. Fahd alichukuliwa na wanaume kwenye sabla, baraza lao, naye akatoe khabari kama ilivyo ada ya mgeni.

Magharibi Bi Radhia aliingia jikoni kuongeza haluwa, akamkuta Atheer kajibanza nyuma ya friji, anazungumza na simu kwa sauti ya chini.

"Fahd, uko wapi jamani? Sura yako nshaisahau. Tumekimbia nyumba iliyojaa shangazi zako, kumbe huku wamezidi! Asubuhi tuondoke."

Bi Radhia akarudi kinyumenyume. Akaikumbuka fungate yake, chumba hichohicho, mama mkwe na wenzake wamejaa tele, na Humam wa watu nje anarusha ndimu dirishani ili mkewe apate kuchungulia. Siku zile alimlaani mama mkwe kimoyomoyo. Na leo mama mkwe ni nani?

Akapiga makofi. "Haya mabibi, kahawa inahamia kwa wifi yangu!"

"Ah! Ndo kwanza tunakaa!"

"Kaeni. Ila haluwa nnaondoka nayo."

Wote wakamfuata. Akapitia sabla, akasimama nje, akakohoa kwa nguvu.

"Mwana wa watu mmemuuliza vya kutosha. Mkewe anamwita."

"Bi Radhia, hatujamaliza khabari!" mzee mmoja akapiga kelele.

"Mtamalizia kwenye akika ya mwanawe."

Sabla ikaangua kicheko, na Fahd akachomoka mbio bila ya kutafuta viatu.

Asubuhi Bi Radhia aliweka kigoda chake mdomoni mwa kichochoro, birika la kahawa ubavuni. Kila aliyekuja na sahani aliishia hapo. "Weka. Salamu zitafika." Jua likapanda, mlango kimya. Hind akapiga simu.

"Mama, wageni vipi? Wamefurahi?"

"Sijui. Sijawaona tangu jana."

"Umewaacha peke yao? Wewe?"

"Nnawalinda."

Mlango ukafunguka. Fahd akatoka, nywele timtim, na Bi Radhia akamtazama mikono: mkoba hana. Ana sahani tupu ya harisi ya jana.

"Bibi, tunaomba tukae mpaka mwisho wa wiki."

"Ila kwa sharti!" Atheer akachungulia dirishani, anacheka. "Bibi naye asibanduke hapo alipo!"

Bi Radhia akairudisha simu sikioni. "Umesikia? Basi waambie kaka zako nyumba haiuzwi. Na waniletee kiti chenye mto, kigoda hiki kinaniumiza."