Niliposema Yuko Tayari

Yule farasi jike nilimlea mimi. Alizaliwa mikononi mwangu kwenye shamba la mzungu mmoja kati ya Ruiru na Thika, nikamzoesha hatamu, nikamjua mpaka kikohozi. Halafu akaja saisi mwingine, mtunza farasi kama mimi, kutoka Ukambani, na mvua za kwanza hazijakatika, bwana akawa hamwulizi mtu mwingine neno lolote la farasi.

Nilimwonea wivu, sifichi. Kazi ya kupima joto la majike, kujua nani yuko tayari kupandwa, ilikuwa yangu. Kila asubuhi nilimpitisha dume mdogo, wa kujaribia tu, ng'ambo ya ua wa mbao. Jike akirusha mateke, bado. Akitulia na kuinua mkia, apelekwe kwa dume mwenyewe. Lakini huyu Mkamba alipapasa mgongo, akatazama magoti, akasema, basi neno likawa lake.

Jike wangu alipofika miaka mitatu alitulia pale kwenye ua, mkia juu. Mkamba akamwambia bwana kwamba joto liko ila mwili bado, nyonga nyembamba, angojewe mwaka mmoja. Hayo nami nilikuwa nimeyaona, tena kabla yake. Lakini kukubali kungemwongezea sifa, na sifa zake zilikuwa zimenifika hapa kooni. Nikamwambia bwana kwamba aliyemlea ni mimi, na ninajua yuko tayari.

Siku hiyo nilisikilizwa mimi, jike akapelekwa kwa dume. Nilitembea kutwa nzima kama niliyevaa viatu vipya.

Miezi kumi na moja baadaye mtoto alikwama. Tulimvuta sisi wawili, mimi na Mkamba, asubuhi yote, akatoka amekufa. Mama alipona kwa shida. Bwana alisimama mlangoni pa banda, uso umemwiva, akaniambia nifungashe vitu vyangu, jioni asinione shambani. Nyumbani nilikuwa na watoto wanne.

Mkamba aliinuka, mikono ina damu hadi viwikoni.

"Hata mimi nilimwangalia tena, bwana," akasema. "Mwisho nilikubali. Tulikosea wawili."

Ulikuwa uongo mtupu. Bwana akamwamini, kama kawaida, akaacha kunifukuza, akaondoka.

Nilijua napaswa kumshukuru Mkamba. Nikageuka, nikamwona jike wangu ameegemeza kichwa kifuani pake, na nikamchukia mtu huyo kuliko siku zote.