Daktari wa Stima

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Ngoingwa hadi Thika mjini, kwangu ni safari ya kuaga majirani. Lakini nilikuwa nimezirai mara mbili jikoni, ndipo dada yangu akaniburuta hadi Ruiru kwa daktari wa mapigo ya moyo. Daktari huyo, mama mpole, alitaka kunipachika kifaa kifuani. Ilibaki sahihi yangu tu.

Kwanza nikasoma vyeti vyake vyote ukutani. Udaktari, kisha magonjwa ya ndani, kisha moyo, kisha miaka mingine miwili ng'ambo. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikashuku: huyu si alikuwa anarudia darasa?

"Huko ng'ambo ulisomea nini, daktari?"

"Stima ya moyo, mzee. Wenzangu wanazibua mabomba. Mimi ni wa stima."

Nikamgeukia dada. "Kumbe umenileta kwa fundi!"

"Ai, na wewe hata balbu hujui kubadilisha. Nyamaza upimwe."

Daktari akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili. Akahesabu mapigo, kisha akasema, "Imepotea," vile mtaa mzima husema stima ikikatika usiku. Papo hapo chumba kikaanza kuzunguka.

"Imerudi," akasema, na chumba kikatulia.

Sikuwa nimefungua mdomo. Amejuaje? Nilimtazama kwa jicho la pembeni, bado simwamini sana, nikamwomba kalamu.