Ndoa Isiyopingwa

Pale soko la Gunsan, upande wa wauza vitoweo, alikuwapo mama mmoja jina lake Tak Bunrye, ila jina hilo lilibaki kwenye leseni ya biashara tu. Watu walimwita Mama Jeha, kwa mwanawe wa pekee. Aliuza kimchi, ile kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, kaa waliolowekwa kwenye mchuzi wa soya, na mizizi ya yungiyungi iliyopikwa kwa sukari. Juu ya mabakuli hayo, kwenye rafu ambayo mtu mwingine angeweka ndoo, aliweka runinga. Mteja akimkuta katikati ya tamthilia alijipakulia mwenyewe, akaacha pesa kwenye bakuli, akaondoka kwa kunyata kama aliyepita penye msiba.

Kutazama alitazama sana, lakini kazi yake hasa ilikuwa kutoa maoni. Filamu hakuzipenda. "Filamu ni saa mbili," alisema, "watu wameshakufa na wewe hujajua asubuhi walikula nini. Mtu anayeteseka apewe nafasi ateseke." Tamthilia ya sehemu mia na ishirini, hiyo ndiyo aliyoiita chakula cha kushiba. Aliamini kuwa lori jeupe haliendeshwi na mtu mwema, na halipiti kwenye tamthilia bila kumgonga mpenzi wa mtu. Aliamini kuwa mwanamume akimkumbatia mwanamke kwa nyuma, mmoja wao ana ugonjwa. Mhusika akikohoa mara moja tu, yeye alianza kumlilia mapema, ili kifo kisije kikamkuta mikono imejaa pilipili.

Na juu ya yote hayo aliamini jambo moja lililokuja kumtia matatani: ndoa ambayo haikupingwa na mzazi haina mizizi. Mama wa kijana sharti amwite binti mahali, ammwagie maji usoni, amsukumie bahasha ya pesa, amwambie, "Mwache mwanangu." Hapo ndipo vijana wanapojua kwamba wanapendana. Kabla ya hapo wanakisia tu.

Msije mkamcheka upesi. Miaka michache nyuma Jeha alikuwa na mchumba, mwalimu wa kuogelea, msichana wa maana, na pande zote mbili zikafurahi. Hakuna aliyetia neno. Basi wale wawili wakawa wanapigiana simu kila siku, halafu kila wiki, halafu ikifika sikukuu, na mwisho wakaachana bila hata kununiana, kama abiria walioshuka vituo tofauti. Jeha, ambaye ni fundi wa lifti, alirudi nyumbani akala wali wa baridi akiwa amesimama jikoni. Sauti ya kile kijiko kwenye sufuria mama yake hakuisahau.

Sasa Jeha alikuwa anakaribia arobaini, na Mungu kamletea Ok Sorin, binti wa wenye duka la dawa kule Iksan. Siku alipokuja kujitambulisha, binti alikula kaa mpaka akafyonza kucha, akaomba wali atie ndani ya gamba. Mama Jeha alimpenda papo hapo. Kisha akakaa akangoja kupingwa. Wale walikuwa na jengo la ghorofa mbili, yeye alikuwa na meza sokoni, na mumewe alikuwa fundi vigae. Kama kuna watu waliostahili kudharauliwa, ni wao. Alishapanga hata atakavyoinamisha shingo.

Badala ya dharau yakaja mapeasi, sanduku zima la zawadi.

"Wamewatukana?" aliuliza Mama Dongu, muuza samaki wakavu wa meza ya pili.

"Wameleta mapeasi."

"Makubwa?"

"Kama kichwa cha mtoto. Na kila moja limevishwa soksi yake ya sponji."

Mama Dongu akaweka chini samaki aliyekuwa amemshika. Yeye pia alikuwa mtazamaji, ila wa aina ya wale wanaotazama kwa kutafuta mwenye hatia. "Dada, hapo pana kitu. Tajiri hakosi kupinga ila akiogopa pasichimbuliwe."

"Pasichimbuliwe nini?"

"Damu. Hao watoto wako ni ndugu."

"Mdomo wako uoze, Mama Dongu."

"Mdomo wangu utaoza, lakini wewe ulishaona wapi mapeasi ya bure? Muulize mumeo. Muulize kwa upole, wasije wakakimbia yeye na ukweli wake."

Akaenda akamuuliza. Mumewe, Pyo Gilman, alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka yote hiyo ya kupiga magoti sakafuni ilimzoesha kuongea na saruji, na saruji haijibu.

"Baba Jeha, mwaka aliozaliwa Sorin wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naweka vigae."

"Wapi?"

"Penye sakafu."

"Iksan uliweka?"

Akafikiri. "Iksan kuna sakafu."

Tangu siku hiyo Mama Jeha akawa anakagua nyuso za watu. Akiwatazama Jeha na Sorin wamekaa pamoja, aliona pua mbili, akazilinganisha, akaziona zinafanana. Akimtazama muuza mayai naye akaona pua ni ileile. Akaamua. Kwenye tamthilia watu wakitaka kujua damu hung'oa unywele wakaupeleka hospitali. Na siku ya wazazi kukutana mezani ilikuwa imeshapangwa, siku ya soko kupumzika, saa ya chakula cha mchana. Akatia kwenye mkoba kijifuko cha nailoni, cha kufungia pilipili.

Mkahawa wenyewe ni wa Iksan, wenye vyumba vya faragha ambavyo havina kazi nyingine ila hiyo ya kukutanisha wakwe. Walikaa chini kwenye mito, familia moja huku na nyingine kule, vyakula vikaanza kuingia mfululizo. Baba Sorin alikuwa bwana mrefu mkimya mwenye masikio yaliyosimama kama mikono ya sufuria. Yeye na Gilman walisalimiana, wakamiminiana pombe, kila mmoja akageuza uso pembeni kunywa kwa heshima ya mwenzake, wakawa wamemaliza mazungumzo yao.

Mama Sorin alikuwa mama mnene mwenye sauti laini. "Binti yetu huyu," alianza, "hajui kitu. Tunaona haya kuwapa."

Hiyo ndiyo adabu ya meza ile, kila mtu kumponda mwanawe. Mama Jeha akaona hapo ndipo pa kuchokoza upinzani, kwa maana kabla ya unywele alitaka kuwapa nafasi ya mwisho. "Wetu ndiye hajui kitu. Anakoroma."

"Wetu pia anakoroma."

"Mama," alisema Sorin.

"Tena sisi ni maskini," akaendelea Mama Jeha. "Mimi nanuka vitunguu saumu mpaka kwenye mifupa."

"Vitunguu saumu ni dawa. Mimi nauza vya vidonge, havina hata nguvu."

"Jeha hana nyumba. Ana nusu ya gari, nusu nyingine ni ya benki."

"Nusu inatosha, wataendesha polepole."

Mama Jeha akaona huyu mwanamke hapingi hapa wala pale. Ikaletwa sahani ya mbavu za ng'ombe, na katika ile pilikapilika ya kusogeza mabakuli akanyoosha mkono ng'ambo ya meza, akasema, "Mwanangu, una uzi begani," akamng'oa Sorin unywele. Sorin akasema, "A." Lakini hapohapo, upande wa pili wa meza, Mama Sorin aliyekuwa amesimama kumwongezea Jeha mchuzi aliinama, na Jeha naye akasema, "A."

Kina mama wawili wakatazamana, kila mmoja kafumba ngumi.

"Twende tukanawe," alisema Mama Sorin.

Kule penye masinki, milango imefungwa, wakafumbua mikono. Mmoja alikuwa na kijifuko cha pilipili, mwenzake na kichupa cha dawa.

"Kumbe na wewe unatazama," alisema Mama Jeha.

"Ile ya saa mbili na nusu, na ya asubuhi pia. Mkwe wangu, nimekonda kwa ajili yako. Nilikuwa nasubiri uje unimwagie maji binti yangu, wewe unaleta kaa. Nikasema, mama wa mwanamume hapingi? Lazima mume wangu ana la kueleza. Alikuwa akija Gunsan kila mwezi. Eti kununua kaa."

"Alikuja kununua kaa. Namkumbuka kwa yale masikio."

Masikio. Wakachungulia kwenye upenyo wa mlango uliotazamana na chumba chao. Sorin alikuwa na masikio ya baba yake, kamili, sufuria ileile. Na Jeha alikuwa ameachama mdomo akisubiri chakula kijacho, na pembeni yake Gilman ameachama vilevile, kwa upana uleule. Hapakuwa na haja ya hospitali. Nywele zikatupwa kwenye sinki, kina mama wakashikana mikono wakashusha pumzi.

Kisha Mama Jeha akaacha kutabasamu. "Basi ni mbaya zaidi."

"Vipi tena?"

"Hakuna siri na hakuna aliyepinga. Unajua nini hubaki?"

Mama Sorin alijua. "Lori jeupe," alisema polepole.

"Au watachokana tu. Mimi nilishaona, mkwe wangu. Si kwenye runinga. Nilimwona anakula wali wa baridi amesimama." Na hapo sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na mchezo. "Mmoja wetu apinge leo, kabla ya matunda kuletwa."

"Pinga wewe. Anayemwaga maji ni mama wa mwanamume."

"Anayemwaga maji ni tajiri."

"Nina deni la benki."

"Una ghorofa."

Basi wakafanya kama wafanyavyo watu wote wa huku wakishindwa kuamua, awe mtoto au jaji. Wakatupa mikono: jiwe, mkasi, karatasi. Mama Jeha alitoa jiwe, maana hajawahi kutoa kitu kingine maishani. Karatasi ya mwenzake ikamfunika, ikabidi apinge yeye.

Wakarudi, wakakaa. Mama Jeha akamwita mhudumu chini kwa chini, akamuuliza kama chai ya shayiri, ambayo pale ndiyo maji ya mezani, ina moto. Mhudumu akasema ni ya moto, inafaa kwa baridi hii. Akaomba aletewe ya uvuguvugu, binti asije akaungua wala kupata mafua. Ikaletwa. Akaishika bilauri. Huyu ni mtu ambaye mteja akimrudishia kimchi iliyokwisha nusu humpa nyingine.

"Ndoa hii," akasema, "naipinga."

Baba Sorin alikuwa anatafuna, akaendelea kutafuna.

"Mama, umelewa?" aliuliza Jeha.

"Sijanywa. Naipinga. Sitaki." Akarusha maji. Lakini mapenzi ni kitu kibaya: dakika ya mwisho kiwiko kilikataa, bilauri ikaenda pembeni, na maji yote yakampata Baba Sorin kuanzia paji la uso hadi kwenye sahani yake.

Mama Sorin akamwinamia mwenzake sikioni, amekasirika kweli. "Mbona hukumpiga binti yangu? Humthamini?" Akanyakua bilauri yake mwenyewe iliyokwisha kupoa, akamgeukia binti aliyemzaa na kumwogesha maji hayo uso mzima. "Na mimi naipinga," akasema. "Mwache huyu fundi lifti. Atakupandisha na kukushusha maisha yako yote."

Sorin alikaa, maji yakimchuruzika kwenye kope. Kumbukeni kuwa huyu binti alilelewa kwenye duka la dawa, nyuma ya kaunta, mbele ya runinga ya mama yake. Midomo ikaanza kumtetemeka, mashavu yakamwiva, na macho aliyomgeuzia Jeha hayakuwa ya mtu aliyekuwa akijadili bei ya ukumbi asubuhi ile.

"Bila wewe siwezi kuishi," akamwambia.

Jeha akamtazama kama lifti iliyofunguka kwenye ghorofa asiyoijua. "Mimi pia," akasema, na kwa mshangao wake akagundua si uongo.

Wakainuka wakashikana mikono, wakatoka. Viatu walivyovivaa mlangoni havikuwa vyao vyote.

Wale baba wawili wakabaki wakitazamana. Baba Sorin akajipangusa uso kwa kitambaa cha mezani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema sentensi nzima. "Ndugu yangu, una muhuri wa jina lako?"

Gilman akapapasa mfukoni. "Ninao."

"Hao wameenda kuandikisha ndoa, na kuandikisha kunataka mashahidi wawili. Ofisi ya jiji haijafungwa. Tuwawahi, kabla hawa hawajapanga kikao cha pili."

Wakaondoka wakiyumba kidogo. Kina mama wakabaki peke yao na mbavu za watu sita. Wakala. Walikuwa kwenye mbavu za mwisho simu ya Mama Jeha ilipolia, na Gilman akasema, kama anavyosema akimaliza vigae vya choo cha mtu, "Tayari. Imeshika."

Mama Jeha alilia kidogo, maana alitamani kuwasha ule mshumaa ambao mama wa bwana harusi huwasha ukumbini, na sasa vijana walisema ukumbi hawautaki, kwa vile mama zao hawaelewani. Mama Sorin alimmiminia chai. "Ukumbi ni nini," alisema. "Ndoa imeshika."

Lakini imeshika kwa kupingwa, na hapo ndipo penye kazi, maana upinzani ukikoma nani ajuaye. Ndiyo maana mpaka leo wakwe wale hawajapatana. Mwaka Mpya Jeha hupeleka salamu Iksan peke yake, akiomba radhi kwa niaba ya mama yake. Sorin hulia, Jeha humbembeleza, na majirani wanasema hawajaona mume na mke wanaoshikana mikono namna ile mpaka kwenye foleni ya kutupa takataka.

Na kila siku ya soko kupumzika, kina mama hao wawili hukutana kwenye hamamu iliyo katikati ya njia. Hulala kwenye sakafu ya moto mbele ya runinga kubwa, taulo kichwani, na kupasua mayai yaliyookwa. Juzi simu ililia katikati ya tamthilia. Alikuwa Jeha, anataka kujua kama mama atakubali safari hii wote wale chakula pamoja sikukuu.

"Na yule mwanamke?" alisema Mama Jeha. "Sitaki hata kumwona sura." Akafungua mdomo, na Mama Sorin, macho hayabanduki kwenye runinga, akamtilia yai.

"Mama, unakula nini?"

"Uchungu, mwanangu," alisema, akaomba chumvi kwa ishara.