Sauti ya Bwana Athmani Katikati ya Roki

Enzi zetu mtu aliweza kuamka kijijini kwetu Ganda, akanywa chai ya asubuhi, akaondoka zake, na asiulizwe kama simu ina chaji. Ndivyo nilivyofanya miaka ile ya themanini, muda mfupi baada ya kuachana na shule. Sikuwa na mpango wowote. Mama alizoea kusema mimi nilizaliwa njiani, ndiyo maana nyumbani sikai. Malindi mjini nikakuta lori lililoshusha mkaa linarudi tupu, nikamwomba dereva nafasi nyuma. Nilimuuliza anakokwenda tulipokuwa tumeshaondoka. Akasema Vitengeni.

Kabla ya hapo dunia yangu ilikuwa duka la kanda la Bwana Athmani, nyuma ya soko la Malindi. Tulishinda pale baada ya kucheza gololi, vidole vimejaa mafuta ya viazi karai. Mtalii mmoja alikuwa amemwachia kanda ya mwimbaji wa roki wa Ulaya, yule ambaye baadaye jina lake lilienea kote. Zilikuwa nyimbo zake za mwanzo, sauti imekauka kama ya mtu aliyelala na kiu. Bwana Athmani alizinakili akaziuza, na ili wenye maduka wengine wasimwibie alichokwisha kukiiba, akatia sauti yake katikati. Gita lilipanda, mwimbaji akanyamaza, kisha mzee akasema taratibu, kama anayekaribisha watu harusini: "Kanda hii imetoka kwa Athmani, Malindi, nyuma ya soko. Ukiipata kwingine, umedanganywa." Halafu roki ikaendelea.

Sisi watoto tuliamini walirekodi pamoja. Tulimsifu yule Mzungu kwa adabu zake, ananyamaza mtu mzima aongee. Betri zikichoka tulizianika juani, kanda ikilegea tuliizungusha kwa kalamu, na wimbo tuliuimba wote, tangazo likiwa ndani. Kiingereza tulikisia tu. Maneno ya Bwana Athmani hatukuyakosea hata siku moja.

Vitengeni nilifika jua limepoa, simjui mtu. Palikuwa na hoteli moja yenye vyumba vya kulala, ya Mama Kadzo, mwanamke wa mikono mipana niliyemkuta akisonga sima. Nilimwamkia, nikaagiza chai, nikaomba pa kulala, nikaahidi kumpasulia kuni asubuhi. Akaitazama miguu yangu iliyojaa vumbi la mkaa.

"Mtu nisiyemjua simlazi," alisema. "Aliyepita juzi aliniamkia vizuri kama wewe, akaondoka na blanketi."

Wateja wakacheka. Mmoja akanishauri nikalale kwenye lori, lakini lori lilikuwa limeshakwenda. Nikaivuta ile chai isiishe, nikiwaza fisi. Ndipo redio ya kaseti ya pale kaunta ikaanza wimbo wetu. Gita likapanda, mwimbaji akanyamaza, na mimi bila kukusudia nikasema pamoja na Bwana Athmani, neno kwa neno, nikipumua pale anapopumua.

Mama Kadzo akaacha mwiko. "Athmani unamjua?"

"Nimekulia dukani kwake."

"Mlangoni pake pana nini?"

"Benchi bovu, na paka asiyetaka kuguswa."

Akautazama mkono wake. "Paka yule alinikwaruza siku niliponunua kanda hii," alisema, akanipakulia sima na mboga ya mchunga. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba na harufu ya mahindi makavu. Akaniletea blanketi, akalishikilia kidogo kabla ya kuliachia. "Likipotea hili, najua pa kukuulizia. Nyuma ya soko."

Sasa nyimbo zile za mwanzo zimetolewa upya, zimesafishwa, na mpwa wangu alinisikilizisha kwenye simu yake. Gita likapanda, mwimbaji akanyamaza, nikangoja. Hakuna kitu. Nilipomweleza alicheka sana. "Mjomba, huo ulikuwa uharamia," aliniambia.

Sibishani naye. Nyimbo zao vijana ni safi, zinatoka hewani, na hazijamkwaruza mtu. Lakini Bwana Athmani, Mungu amrehemu, aliuambia wimbo wake uwe unataja kwao kila unapokwenda, nami nikalala pazuri katika mji nisikojulikana. Namshukuru hadi leo. Nikamwomba mpwa wangu aurudishe nyuma, na mwimbaji aliponyamaza tena, nikasema mimi.